Kigae cheupe hakitoshi: kupima rangi ya vitu vya fluoresensi kwa kamera ya spektra

Chukua kitambaa cha kizibao cha usalama, kile cha njano inayoelekea kijani, ukiweke chini ya kamera ya spektra, ile inayopima kila urefu wa wimbi la mwanga kivyake, pamoja na kigae cheupe cha rejea. Gawanya picha ya kitambaa kwa picha ya kigae, kama unavyofanya kwa sampuli nyingine zote. Karibu na nanomita 520 utapata namba inayovuka 1, yaani kitambaa kinarudisha mwanga mwingi kuliko ulioingia. Wengi wakifika hapo hurudi kukagua taa, au huiambia programu ikate kila kinachozidi 1 kisha wakaendelea na kazi. Namba ile ni sahihi. Kosa liko kwenye jina: tumezoea kuita jibu la ule mgawanyo "uakisi", na hapa si uakisi peke yake.

Molekuli ya rangi ya fluoresensi hufyonza fotoni, hukaa nayo nanosekunde chache, hupoteza sehemu ya nishati kwa joto, halafu hutoa fotoni nyingine ya wimbi refu zaidi. George Gabriel Stokes alilieleza jambo hili mwaka 1852, na jina lenyewe alilitoa kwenye madini ya fluorspa. Fluoresini, mojawapo ya rangi hizo, hufyonza zaidi karibu na nanomita 490 na kutoa mwanga karibu na 515. Ving'arisha weupe, vile vinavyotiwa kwenye karatasi na sabuni za unga, hufyonza urujuanimno kati ya 340 na 400 na kutoa buluu yenye kilele karibu na 440. Kwa hiyo kamera inapoangalia kitambaa chetu kwenye nanomita 520 inapokea mwanga wa aina mbili kwa pamoja: uliofika ukiwa 520 ukaakisiwa, na uliofika ukiwa 420 au 480 ukageuzwa. Kamera haina njia ya kuvitenganisha, kwa sababu fotoni ya 520 haibebi habari ya ilikotoka.

Kwa kitu cha kawaida hili halitusumbui, kwa sababu kigae cheupe hutusafishia makosa yote. Mwanga wa taa kwenye nanomita 520 uko juu na chini ya sehemu, unyeti wa kamera kwenye 520 nao uko juu na chini, vinafutana, unabaki uakisi mtupu. Huhitaji kujua taa yako ina nguvu kiasi gani wala sensa yako inaona vizuri kiasi gani. Kwa fluoresensi, mwanga umeingia kwa urefu mmoja wa wimbi na kutoka kwa mwingine. Nguvu ya taa unayoihitaji ni ya 450, unyeti wa kamera unaouhitaji ni wa 520, na kigae hakina hata siku moja ambapo kiligeuza 450 kuwa 520. Hakuna kinachofutana. Ugumu wote wa kazi hii umetokana na hapo, na mitego mingi nitakayoitaja huko mbele ni watoto wa jambo hilo moja.

Jibu kamili ni jedwali lenye pande mbili, ambalo hubeba jina la Donaldson aliyelitumia kupima pigmenti za fluoresensi mwaka 1954. Mstari mmoja kwa kila urefu wa wimbi unaoingia, tuuite μ; safu moja kwa kila urefu unaotoka, tuuite λ. Kisanduku D(μ, λ) kinasema: katika mwanga ulioingia kwenye μ, ni sehemu gani imetoka kwenye λ, ukilinganisha na kitu cheupe kikamilifu. Kwenye ulalo, pale μ na λ zinapolingana, kuna uakisi wa kawaida. Nje ya ulalo, upande ambao λ ni kubwa kuliko μ, kuna fluoresensi. Upande wa pili ni sifuri, au uwe karibu mno na sifuri kiasi cha kutoathiri rangi.

Ukiwa na jedwali hilo, rangi chini ya mwanga wowote inapatikana kwa hesabu:

β(λ) = Σ D(μ, λ) · E(μ) / E(λ), ukijumlisha kwa μ zote.

β(λ) ni jibu la ule mgawanyo wa sampuli kwa kitu cheupe. E ni spektra ya mwanga unaotaka kujua rangi chini yake, si lazima iwe taa uliyopimia. Tuifanye kwa namba za mfano. Rangi ya machungwa ina 0.80 kwenye ulalo wa nanomita 600, na kila chaneli, yaani kipande cha spektra, ya nanomita 10 kuanzia 450 hadi 560, ambazo ni 12, inachangia 0.05 kwenye 600. Chini ya mwanga uliolingana kote utapata 0.80 + 0.60 = 1.40. Sasa weka D65, spektra ya kawaida inayowakilisha mwanga wa mchana: thamani yake kwenye 500 ni 109.35 na kwenye 600 ni 90.01. Tukichukua 500 iwakilishe chaneli zote 12, mchango wa fluoresensi unakuwa 0.60 × 1.21, jumla 1.53. Weka mwanga A, wa taa ya nyuzi: 59.86 kwenye 500 na 129.04 kwenye 600. Mchango unashuka hadi 0.60 × 0.46, jumla 1.08. Kitu ni kilekile, rangi imepakwa mara moja, na kilele kimetoka 1.53 hadi 1.08. Ndiyo maana ripoti inayosema "uakisi wa sampuli" bila kutaja mwanga haina maana kwa vitu hivi.

Kabla ya kununua chochote, fahamu vifaa viwili vinavyodanganya kwa upole. Cha kwanza ni kile kinachomulika sampuli kwa urefu mmoja wa wimbi kwa zamu huku kipokezi kikiwa wazi bila kichujio. Kikimulika 450, kitapokea 450 iliyoakisiwa pamoja na 520 iliyogeuzwa, na chote kitaandikwa kwenye 450. Utaona uakisi wa ajabu kwenye buluu na hutaona chochote cha ajabu kwenye kijani. Cha pili ni tufe la kuchanganyia mwanga. Sampuli ikiwa ndani ya tufe, mwanga wake wa fluoresensi hugonga kuta, hurudi, na kuwa sehemu ya mwanga unaoimulika. Taa uliyokalibresha na kigae si taa inayoimulika sampuli. Kwa vitu hivi tumia mpangilio wa 45°:0°, taa kwa nyuzi 45 pande mbili au zaidi, kamera juu wima.

Upande wa taa, chaguo bora ni chanzo kinachoweza kuchagua urefu wa wimbi: taa ya xenoni yenye monokromata (kifaa kinachopitisha urefu mmoja tu wa wimbi), au chanzo kinachopangika kwa vioo vidogo. Seti ya LED za rangi tofauti ni rahisi zaidi, lakini kila LED ina mkia. LED ya 365 hutoa kiasi kidogo cha buluu kinachoonekana kwa macho, na buluu hiyo ikiakisiwa kwenye karatasi itahesabiwa kuwa fluoresensi. Weka kichujio cha kupitisha urujuanimno mbele yake. Kioo cheusi cha aina ya UG1 kinafaa, ila nacho huvuja kwenye wekundu wa mbali kuanzia karibu na 700. Kwa LED haikusumbui, kwa xenoni itakusumbua. Vaa miwani ya kuzuia urujuanimno. Taa ya 365 huonekana hafifu kwa jicho huku ikiwa na nguvu kubwa, na jicho halikwambii lini limezidiwa.

Upande wa kamera una njia mbili. Moja ni kamera ya mstari yenye gratingi (uso wenye mifereji myembamba unaotawanya mwanga kwa urefu wa wimbi), inayosoma urefu wote wa mawimbi wa mstari mmoja kwa mara moja huku sampuli ikisogezwa. Nyingine ni kamera ya nyeusi na nyeupe yenye kichujio kinachobadilika mbele, cha gurudumu au cha fuwele kimiminika (kama ya skrini za LCD). Mimi napendelea ya pili kwa vitu vilivyotulia, kwa sababu kila pikseli inabaki mahali pake katika picha zote na unaweza kurefusha muda wa kukusanya mwanga pale tu mwanga ulipo hafifu. Hasara yake: vichujio vya fuwele kimiminika hupitisha mwanga kidogo sana karibu na 400 hadi 430, hasa pale ving'arisha weupe vinapofanya kazi, na hupitisha polarizesheni moja tu, kwa hiyo sampuli yenye mng'aro wa juu itabadilika ukizungusha kamera.

Unapomulika kwa urujuanimno, weka mbele ya lenzi kichujio kinachozuia chini ya 400. Ulalo wa chini ya 400 hauna uzito wa maana kwenye rangi, huku urujuanimno ulioakisiwa ukiingia kwenye lenzi huamsha gundi iliyo kati ya vioo na kuifanya itoe mwanga wake. Hata kichujio kinaweza kutoa fluoresensi: vioo vya rangi vya njano na machungwa hufanya hivyo, kwa hiyo tanguliza kichujio cha matabaka (kinachoakisi mwanga usiotakiwa badala ya kuufyonza), cha kioo cha rangi kifuate nyuma yake.

Sasa kalibresheni, na hapa usifanye haraka.

Anza na picha za giza, kwa kila muda wa kukusanya mwanga utakaoutumia, kamera ikiwa imeshapata joto. Kisha hakiki unyoofu wa sensa: piga kigae kwa muda wa 10, 20, 40, 80, 160 milisekunde, toa giza, gawanya kwa muda. Namba zisipolingana ndani ya asilimia 1, tafuta pikseli zinapoanza kujaa na ubaki chini ya hapo. Unyoofu hapa una umuhimu kuliko kawaida, maana ulalo na fluoresensi vitapigwa kwa muda tofauti, pengine mara 50, na baadaye vitakutanishwa kwenye jedwali moja.

Halafu taa. Zipashe moto dakika 20 hadi 30, kwa sababu LED inapopata joto hupungua nguvu na kilele chake husogea kidogo. Kwa kila chaneli ya kumulika, pima mwanga unaotoka kwenye kigae kwa spektroradiomita iliyokalibreshwa (kifaa kinachopima nguvu ya mwanga kwa kila urefu wa wimbi), ikiwa imeelekezwa palepale kamera inapoangalia. Ugawanye kwa uakisi wa kigae unaoujua na una E(μ), safari hii ya taa unayopimia. Kama spektroradiomita yako haifiki 365, tumia fotodiodi ya silikoni yenye cheti cha unyeti kwa urefu huo wa wimbi, ukiiweka mahali pa sampuli, na uiunganishe na vipimo vingine kwa kupima chaneli moja, tuseme 420, kwa vifaa vyote viwili.

Kisha unyeti wa kamera. Mulika kigae, piga picha kwenye λ, gawanya idadi ya hesabu kwa sekunde kwa mwanga uliopimwa na spektroradiomita kwenye λ hiyohiyo. Hiyo ni C(λ), na ndani yake mna lenzi, kichujio na sensa kwa pamoja. Usiichukue C kwenye karatasi ya mtengenezaji wa sensa. Namba za pale kwa kawaida huhesabu fotoni, ilhali spektroradiomita inahesabu wati. Fotoni ya 365 ina nishati mara 1.2 ya fotoni ya 440. Changanya hesabu hizo mbili na king'arisha weupe chako kimekosewa kwa asilimia 20 bila dalili yoyote kwenye picha.

Jedwali sasa linatoka hivi, kwa kila pikseli:

D(μ, λ) = [S(μ, λ) / C(λ)] / E(μ)

S ni hesabu kwa sekunde baada ya kutoa giza. E hapa si namba moja kwa picha nzima. Kila taa imekaa mahali pake na hutupa doa lake. Piga kigae kikubwa kinachojaza picha chini ya kila chaneli, upate ramani ya mgawanyo wa mwanga. Ukitumia ramani ya chaneli moja kwa zote utaona kona ya picha ina rangi yake ya peke yake.

Kigae chenyewe kiwe cha PTFE (plastiki ya Tefloni) iliyoshindiliwa, ambayo huakisi karibu asilimia 99 kwenye mwanga unaoonekana. Kinapochafuka kwa mafuta ya vidole au moshi huanza kutoa fluoresensi kidogo chini ya urujuanimno, na hapo rejea yako imekuwa sampuli. Kisugue chini ya maji yanayotiririka kwa msasa usioharibika kwa maji, namba 220 hadi 240, mpaka maji yasishike juu yake, kisha kikauke.

Kipimo kimoja cha bei nafuu kuliko vyote: tengeneza jedwali zima la kigae chenyewe kana kwamba ni sampuli. Kigae hakina fluoresensi, kwa hiyo kila kitu nje ya ulalo wake ni uvujaji wa mfumo wako. Mwanga wa 500 uliotawanyika ndani ya kamera ya gratingi ukasomwa kwenye 600 utauona hapa. Taa ya 350 iliyorudi kama 700, kwa sababu gratingi hurudufu urefu wa wimbi, utaiona hapa pia, ikiwa kama mstari wa mshazari uliojitenga na ulalo. Kwa machungwa ya mfano wetu, yenye 0.05 kwenye kisanduku, uvujaji wa 0.001 ni asilimia 2 na unavumilika. Kwa rangi ya zamani iliyofifia yenye 0.003, uvujaji huohuo ni theluthi ya kipimo. Unaweza kuutoa kwa hesabu, ukiuzidisha kwanza kwa uakisi wa sampuli kwenye μ, maana sampuli nyeusi inarudisha mwanga mchache wa kuvuja.

Kuhusu ukubwa wa kazi. Tuseme unamulika 300 hadi 700 na kusoma 400 hadi 700, hatua ya nanomita 10. Mistari 41 kwa safu 31 ni visanduku 1,271, lakini chini ya ulalo hakuna cha kupima, kwa hiyo picha zinabaki 806. Kwa wastani wa sekunde 2 kwa picha hiyo ni dakika 27. Kamera ya pikseli milioni moja, baiti 2 kwa pikseli, inakupa gigabaiti 1.6 kabla ya picha za giza. Si mzigo mkubwa kwa kompyuta. Mzigo mkubwa uko kwa sampuli: dakika 27 za mwanga mkali, zikiwemo za urujuanimno, zinaweza kuchosha rangi ya fluoresensi. Anza na urefu wa wimbi mrefu ushuke kuelekea urujuanimno, funga shata la taa kila kamera inapobadilisha kichujio, na mwishoni rudia chaneli ya kwanza ya fluoresensi. Ikiwa imeshuka zaidi ya asilimia 1 au 2, rangi imeungua njiani na jedwali lako ni mchanganyiko wa sampuli mbili: ile mpya ya mwanzo na ile iliyochoka ya mwisho.

Pembeni mwa fremu weka kipande kidogo cha kigae kwenye kila picha, uone taa ikiyumba. Kisigusane na sampuli. Kikikaa sentimita moja kutoka kitambaa cha machungwa kitapokea mwanga wake, kitaonekana cha pinki, na utarekebisha kosa ambalo halipo. Angalia pia mavazi. Koti jeupe la maabara lililofuliwa kwa sabuni yenye king'arisha ni taa ya buluu inayotembea. Ukisimama karibu na meza wakati 365 imewashwa, unaimulika sampuli kwa 440. Stika nyeupe, karatasi ya lebo, baadhi ya gundi za utepe, na hata vitambaa vyeusi vilivyofuliwa kwa sabuni hiyohiyo, vyote huwaka. Zima taa za chumba, washa 365, kaa gizani dakika mbili macho yazoee, kisha angalia meza. Chochote unachokiona kinawaka, mbali na sampuli, kiondoke.

Eneo gumu kuliko yote ni lile linalogusa ulalo. Kwenye fluoresini umbali kati ya ufyonzaji na utoaji ni nanomita 25 hivi, na mikia yake inaingiliana. Ukimulika 500 kwa upana wa nanomita 20 na kusoma 510 kwa upana wa 20, kichujio cha kamera kinapitisha sehemu ya mwanga wa taa wenyewe, na kisanduku cha 500→510 kitajaa uakisi. Kinaonekana kama fluoresensi kali sana. Ukiuacha hivyo, rangi inayotabiriwa inang'aa kupita ya kweli. Dawa ya kwanza ni kupunguza upana hadi nanomita 10 pande zote mbili. Ya pili ni kutoviamini visanduku viwili vilivyo jirani na ulalo na kuvijaza kwa makadirio, ukitumia umbo la utoaji ulilolipima ukimulika mbali, tuseme kwa 440.

Makadirio hayo yanawezekana kwa sababu ya kanuni aliyoieleza mwanakemia Kasha mwaka 1950: molekuli huteremka hadi ngazi ya chini ya hali yake ya msisimko kabla ya kutoa mwanga, kwa hiyo umbo la spektra inayotoka halitegemei urefu wa wimbi ulioiamsha. Ukimulika 400 au 480, mkunjo ni uleule, kimo tu ndicho kinabadilika. Kwa rangi moja ya fluoresensi, basi, sehemu yote iliyo nje ya ulalo ni zao la mikunjo miwili: a(μ), jinsi inavyoamka, na e(λ), jinsi inavyotoa. Badala ya picha 806 unaweza kupiga mstari mmoja kamili wa utoaji ukimulika 420, safu moja ya kuamsha ukisoma 540, na ulalo: picha 80 hivi. Ninaona hii ndiyo njia ya kutumia kwa kazi nyingi, mradi uhakiki kwanza kama kweli ni rangi moja. Piga mistari miwili ya ziada, tuseme 365 na 450, ilinganishe kwa kimo, na uangalie kama umbo limelingana. Wino wenye machungwa juu ya karatasi yenye king'arisha utashindwa kipimo hiki mara moja, kwa kuwa 365 inaamsha karatasi na 450 inaamsha wino. Hapo unahitaji jozi mbili za mikunjo, au jedwali kamili.

Usishangae pia e(λ) isipofanana na ile ya vitabuni. Za vitabuni mara nyingi hupimwa kwenye kimiminika chepesi. Kwenye tabaka nene la rangi, upande mfupi wa mwanga unaotoka hufyonzwa tena na molekuli za jirani, kwa hiyo kilele kinasogea kuelekea wekundu. Huo si ubovu wa kifaa; hiyo ndiyo rangi jicho litakayoiona.

Kuna njia ya mkato ya werevu zaidi kwa wenye chanzo kinachopangika. Tengeneza mianga miwili yenye meno kama kitana, pale moja inapokuwa na jino nyingine ina pengo. Ufyonzaji wa rangi ni mpana, kwa hiyo mianga yote miwili inaamsha fluoresensi sawasawa, huku uakisi ukifuata meno. Kwenye kila λ, p ikiwa kipimo cha kamera, R uakisi na F fluoresensi, una:

p₁ = R·E₁ + F, na p₂ = R·E₂ + F

kwa hiyo R = (p₁ − p₂) / (E₁ − E₂), na F = (p₂·E₁ − p₁·E₂) / (E₁ − E₂).

Picha mbili za spektra, na umetenganisha uakisi na fluoresensi kwa kila pikseli. Meno yakiwa mapana mno, sawasawa ile haipo tena. Yakiwa membamba kuliko upana wa chaneli ya kamera, E₁ na E₂ zinalingana na unagawanya kwa sifuri. F inayotoka hapa ni ya mwanga huo tu, na bado huwezi kutabiri rangi chini ya mwanga mwingine bila kujua a(μ). Ila picha ya F peke yake ina uzuri wake: fluoresensi hutoka pande zote kwa usawa, kwa hiyo mng'aro wa uso na mwanga wa madoadoa hupotea, na mikunjo ya kitambaa inaonekana kama ya udongo.

Kwa karatasi na machapisho, wengi hawahitaji lolote kati ya haya. Kiwango cha kimataifa cha ISO 13655 kina hali za kupimia: M1 yenye urujuanimno unaolingana na D50 (mwanga wa kawaida wa mchana unaotumika kwenye uchapaji), M2 yenye urujuanimno uliokatwa, na M0 ya zamani ambayo kiasi chake cha urujuanimno hakikudhibitiwa. Pima M1 na M2 na tofauti ya b*, namba ya unjano dhidi ya ubuluu, inakuambia king'arisha kina nguvu kiasi gani. Kwa weupe wa CIE (tume ya kimataifa ya mwanga) chini ya D65 na mtazamaji wa kawaida wa nyuzi 10, Y ikiwa mwangaza na x na y zikiwa namba za rangi yenyewe:

W = Y + 800(0.3138 − x) + 1700(0.3310 − y)

Fomula hii inatumika W ikiwa juu ya 40 na chini ya 5Y − 280. Karatasi yenye king'arisha hupita 100 bila shida. Zingatia vile vizidishi vya 800 na 1700: kosa la 0.002 kwenye y ni pointi 3.4 za weupe, kwa hiyo kiasi cha urujuanimno kwenye taa kikikosewa kidogo tu, namba inaruka.

Upande wa programu, mitego ni miwili na yote ni ya kijinga. Maktaba nyingi za picha hukata thamani zinazozidi 1 kimyakimya, wakati wa kusoma faili au wakati wa kubadilisha aina ya namba. Hifadhi β kama namba za desimali za biti 32 na ukague thamani ya juu kila hatua. Na L*, namba ya wepesi wa rangi ambayo nyeupe kamili ni 100, inaweza kuvuka 100. Iache ivuke. Kwa kuonyesha kwenye skrini punguza mwangaza wa picha nzima kwa kizidishi kimoja, maana kukata chaneli nyekundu peke yake kunageuza machungwa kuwa njano.

Ukimaliza, jaribu jedwali kwa mwanga ambao haukutumika kulitengeneza. LED nyeupe ya kawaida inafaa, kwa sababu ina kilele kikali karibu na 450 na urujuanimno karibu hamna, yaani haifanani na D65 hata kidogo. Pima spektra yake juu ya kigae, tabiri β, kisha piga sampuli moja kwa moja chini yake na ugawanye kwa kigae. Kama tofauti ni ya kimo kilekile kwenye eneo lote la utoaji, kosa liko kwenye C au E, na la kwanza kukagua ni wati dhidi ya fotoni. Kama tofauti iko ukingoni tu, pale utoaji unapoanza, ni upana wa chaneli karibu na ulalo. Kama iko upande mmoja wa picha, ni ramani ya mwanga. Na kama utabiri uko juu kidogo mara ya kwanza, juu zaidi mara ya pili, na juu zaidi mara ya tatu, zima taa: sampuli inaungua.